Mlima Uliopewa Jina

Kulikuwa na mtu mmoja, ndugu zangu, aliyeishi chini ya mlima mrefu usio na jina. Hakujaliwa mtoto, na jambo hilo lilimuuma sana. Aliona siku atakapokufa, jina lake litazikwa pamoja naye. Sasa, wenyeji wa huko walikuwa na mila yao: atakayewasha moto kileleni ukaonekana bondeni, mlima utaitwa kwa jina lake, na halitafutwa. Wengi walijaribu, wakarudi na mafua tu.

Basi yule bwana akafunga mzigo wa kuni kavu, akatia makaa ya moto kwenye chungu, akayafunika kwa majivu, akaanza kupanda. Huko juu huokoti hata kijiti, ni mawe na baridi tupu. Alipokaribia kilele akamkuta jirani yake ameegemea jabali, ameloa chapachapa. Alikuwa amefuata mbuzi aliyepotea, mvua ya mawe ikamkuta njiani.

“Ndugu yangu,” jirani akamwambia, “niwashie japo kidogo. Vidole sivisikii tena.”

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Yeye aliutazama mzigo wake, akaona akipunguza hata kuni mbili, moto hautaonekana.

“Vumilia kidogo,” akasema. “Nikishuka nitakubeba mgongoni.”

Akapanda. Giza lilipoingia moto ukawaka, na bonde zima likapiga vigelegele. Aliposhuka alimkuta jirani palepale, amekwisha kufa. Akambeba mgongoni kama alivyoahidi, akamfikisha mlangoni kwa mkewe.

Kesho yake akawaendea wazee, akawasihi wautafutie mlima jina jingine, lolote lile. Wazee hawakumkemea.

“Moto tuliuona sote,” wakamjibu. “Mlima ni wako.”

Mpaka leo watoto wa marehemu wakiulizwa baba yao alifia wapi, hulitaja jina la yule bwana.

Na sisi je? Juzi hapa tumevutana jina la nani liandikwe kwenye benchi la mbele. Yupo mama miongoni mwetu ambaye wanawe walilala njaa, tukamwambia asubiri kwanza ujenzi wa kanisa uishe. Wapendwa, tunakesha tukiogopa kwamba Mungu atatunyima tunachokitaka. Mimi naogopa atatupa.