Figa Lililotazama Kilima

Enyi wachimbaji, wiki nzima mmeinamia majivu haya ya watu wa kale na brashi zenu, na bado mnakuna vichwa. Meko matano mmefukua, kila moja lina figa moja tu, na upande wake wenye masizi unatazama kilima badala ya moto. Mnasema ni mafuriko. Mafuriko gani hayo yanayochukua mawili na kuacha moja, mara tano? Haya, nitaketi niwaambie, ingawa miguu yangu haitaki kuketi.

Kabla mtu hajajua kupanda mbegu, watu wa bonde hili hawakumaliza mwezi mahali pamoja. Wanyama wakihama, nao huhama. Walibeba kila kitu, hata mafiga yote matatu, maana mawe yasiyopasuka motoni yalikuwa haba. Nyuma yalibaki majivu, na upepo ukayapeperusha.

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Sihaba. Mama yake, Mboza, alikuwa amekwenda mbali kuchimba mizizi ya dawa. Kabla hajarudi, swala walihama na wakubwa wakaamuru safari. Sihaba aliomba siku moja tu. Wakamjibu, "Njaa haimngoji mtu." Akafunga mzigo, akafungua, akafunga tena. Mama akikuta majivu matupu, atajuaje walikopita? Ndipo akaacha figa moja, akaligeuza masizi yatazame kilima walichokiendea.

Walipofika, chungu kiligoma kukaa. Walimsema, jamani! "Mafiga mawili yanainjika chungu gani? Umetushindisha njaa!" Siku tatu Sihaba alipanda kilima kumtazamia mama, akashuka, akapanda. Mimi najua mwisho wa kisa hiki, na bado nikifika hapa moyo hunienda mbio.

Siku ya nne Mboza akatokea, miguu imevimba, mizizi mgongoni. Sihaba alimkumbatia akilia na kucheka. Wale waliomsema, hata pole hawakutoa, wakauliza kwanza, "Na figa letu je?"

"Nimeliacha palepale," akasema Mboza. "Mnadhani mimi ndiye wa mwisho kuchelewa?"

Wakaenda kutafuta jiwe jingine.

Na tangu siku hiyo, sisi wa bonde hili tukihama, hata kama ni kwa lori, huacha figa moja, masizi yakitazama tuendako. Langu liko kwenye kiwanja chetu cha zamani, ng'ambo ya korongo. Binti yangu Nasele aliondoka kabla hatujahama, na huu ni mwaka wa sita. Kila asubuhi naenda kutazama kama kuna nyayo.

Kwa hiyo pimeni, pigeni picha, andikeni mtakavyo. Lakini hayo mawe, wajukuu zangu, msiyageuze.