Kiko cha Kwanza cha Chande

Chande, msusi wa makuti, aliingia dukani kwa tajiri Mbaruku kutafuta kiko chake cha kwanza. Akaokota cha udongo, cha senti chache.

Tajiri akamnong'oneza, "Hivyo vya udongo huunguza midomo. Mwanagenzi kama wewe huanza na hiki cha mpingo, kwa bei ya mbuzi."

"Ati viko vya udongo vinaunguza midomo?" Chande akapaza sauti.

Wateja watatu wakavirudisha vyao kapuni. Tajiri akampokonya Chande kile cha udongo, akakijaza tumbaku, akakivuta mbele ya wote.

"Nani kasema? Kitamu kama asali!"

"Basi nifungie hicho hicho, tajiri," akasema Chande. "Ila kwa nusu bei, maana kimeshalowa mate yako."