Siku Kiboko Alipoletewa Madumu

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hizo wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba za bati na kulipia intaneti kila mwezi kama baba zenu, aliishi Digidigi, fundi cherehani. Umbo lake dogo, miguu yake myembamba, lakini mdomo, we! Mdomo alikuwa nao.

Intaneti ya mji mzima ilikuwa ya Bwana Kiboko. Siku ya kufungua ofisi aliwaalika wanyama wote, wakala pilau wakashiba. Kisha akaandikisha kwenye ukuta wa nje, mkabala na mlango, kwa rangi nyekundu: MTEJA AKIKOSA INTANETI SIKU MOJA, KIBOKO MWENYEWE ATAMCHOTEA MAJI KUTWA. Akaapa mbele yao wote, nao wakampigia makofi, pwa pwa pwa!

Digidigi naye akafungiwa kisanduku chenye vitaa vya kijani, apate kuonana na binti yake aliyekuwa akisoma mbali. Binti akamaliza masomo, akarudi nyumbani. Sasa kisanduku cha nini? Digidigi akakichomoa, akakifuta vumbi, akakirudisha. Pale ofisini akajaza karatasi ya kusitisha huduma, akaweka alama ya kwato lake, na Kiboko akagonga muhuri, ti! Karatasi ikabaki kwa Kiboko.

Digidigi hakuomba nakala. Aliona haya, wanangu. Bwana mkubwa amekuchekea, amekupa na peremende, utaanzaje kumdai karatasi kama vile humwamini? Akarudi zake nyumbani akimung'unya peremende.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja, gu! gu! gu! Mlango nusura ung'oke. Alikuwa Nyati, mkusanyaji madeni wa Kiboko, na kamba begani.

"Taratibu, kaka Nyati! Mlango huo nimeununua."

"Bili ya intaneti, Mama. Miezi mitatu."

"Bili gani tena? Kisanduku si nilirudisha!"

"Mimi mambo ya kurudisha siyajui. Mimi najua bili. Ikifika saa kumi jioni hujalipa, naondoka na cherehani."

Digidigi akaitazama cherehani yake. Mezani palikuwa na sare za watoto arobaini, zimekatwa lakini hazijashonwa, na shule inafunguliwa Jumatatu. Cherehani ikiondoka, sare ndiyo basi, na sufuria jikoni itabaki kavu. Akaogopa, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomtoa nje.

Akaenda ofisini mbio, tiki tiki tiki. Kiboko alikuwa ameketi ndani ya tangi la maji, maana ngozi yake haivumilii joto.

"Bwana Kiboko, mimi niliacha intaneti yako. Nilijaza karatasi, ukagonga muhuri kwa mkono wako."

"Karatasi?" Kiboko akapiga mwayo mkubwa kama mlango wa ghala. "Sijaona karatasi. Unayo nakala?"

"Sina."

"Basi wewe ni mteja wangu, Bi Digidigi. Mteja mzuri kabisa! Lipa." Akacheka ho! ho! ho! hadi maji yakamwagika sakafuni.

Digidigi akatoka. Akasimama nje, hajui aende wapi. Mbele yake kulikuwa na ule ukuta wenye maandishi mekundu. Akausoma. Akausoma tena. Mara masikio yakamsimama.

"Ahaa! Mteja, eh?"

Akakimbia nyumbani, akachukua madumu mawili makubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, akarudi. Ilikuwa siku ya soko, na foleni ya wateja ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Nyati alisimama pembeni na kamba yake, akisubiri saa kumi.

"Bwana Kiboko!" Digidigi akapaza sauti. "Hebu nihakikishie tena mbele ya hawa wenzangu. Mimi ni mteja wako?"

"Mteja kabisa!"

"Sijaacha hata siku moja?"

"Hata nusu siku!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" foleni ikaitika.

"Basi nimeleta malalamiko. Intaneti yangu haishiki. Siku tisini sasa, hakuna hata kitaa kimoja kinachowaka. Punda Milia, ndugu yangu, wewe uko karibu na mlango. Hebu tusomee kilichoandikwa ukutani."

Punda Milia akachungulia nje, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno.

Digidigi akayatua madumu mbele ya tangi. Pu! Pu!

"Siku tisini, kutwa. Kisima kiko juu ya kilima, na jua ndilo hilo limewaka. Haya, inuka twende."

Kiboko akatazama nje. Jua lilikuwa kali ajabu. Akatazama kilima, akatazama madumu, akaushika mgongo wake kama vile umeshaanza kupasuka.

"Huwezi kunibebesha maji! Wewe si mteja wangu!"

"Ala! Tangu lini?"

"Tangu uliporudisha kisanduku!"

"Nani kasema nilirudisha? Si ulisema hakuna karatasi?"

"Ipo!" Kiboko akaruka kutoka kwenye tangi, bwaa! Akavuta droo, akapekua kara kara kara, akainua karatasi juu wote waione. "Hii hapa! Kwato lako hili! Muhuri wangu huu! Na tarehe hii hapa, miezi mitatu iliyopita!"

Kisha kule nyuma ya foleni mtu akacheka, kwi!

"Kumbe karatasi ipo," akasema Punda Milia polepole.

Kiboko akaitazama ile karatasi mkononi mwake, akawatazama wateja, maji yakimchuruzika sakafuni. Nyati akajikuna kichwa.

"Sasa bosi, cherehani nikailete au nisiilete?"

"Kaa chini wewe!"

Digidigi akatabasamu. "Chagua, Bwana Kiboko. Mimi ni mteja, ubebe madumu. Au si mteja, uchane bili."

Kiboko akaichukua bili kwa Nyati, charrr! Vipande viwili, vinne, vinane.

"Asante," akasema Digidigi. "Na sasa naomba nakala ya karatasi yangu. Yenye muhuri."

Ti! Akapewa. Naye Punda Milia akasogea mbele. "Na mimi nilirudisha kisanduku mwaka jana, Bwana Kiboko. Hebu pekua droo hiyo hiyo." "Na mimi!" "Na mimi!" Droo ikapekuliwa hadi jua likapungua makali, na kila aliyetoka alitoka na karatasi yake.

Kule kwa Digidigi cherehani ikalia kere-kere-kere, na kufikia Jumapili sare arobaini zote zilikuwa tayari. Iliyokuwa pana kuliko zote ilikuwa ya mtoto wa Kiboko. Baba mtu alipoifuata, Digidigi alimpa sare, akampa peremende, halafu akamsogezea daftari.

"Weka alama hapa kwamba umepokea, Bwana Kiboko. Nakala yako hii."

Basi wanangu, ukirudisha kitu cha mtu, usiridhike na peremende. Ondoka na karatasi.