Kasha Lisilopumua

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, ni zamani ya majuzi tu, mjini Lindi palikuwa na binti aitwaye Tausi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora katuni zinazotembea. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, Bi Somoe. Na Bi Somoe alikuwa fundi wa hadithi. Akianza kusimulia, hata mgonjwa aliyekuja kuomba maji ya kumezea dawa alisahau dawa.

Hadithi yake moja ilimhusu kiboko aliyetaka kucheza ngoma juu ya paa la wakwe zake. Hiyo ndiyo Tausi aliyoichora. Sauti alikwisha kuirekodi, ya Bi Somoe mwenyewe, pamoja na kikohozi chake. Picha alikwisha kuzimaliza. Kilichobaki kilikuwa kuipika filamu, yaani kuziunganisha picha zote kwenye kompyuta ziwe kitu kimoja kinachokwenda.

Hapo ndipo kompyuta yake ya zamani ilipokufa kwa joto.

Ingekuwa ni hilo tu, angesubiri. Lakini Bi Somoe alikuwa na presha ya macho. Daktari alimvuta Tausi pembeni akamwambia bila kuzunguka, "Dawa zinachelewesha tu. Anachotaka kukiona, na akione sasa." Bi Somoe alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukikaa ubavuni kwake, hupo. Ukikaa mbele yake, upo.

Kwa hiyo Tausi akaamua kuunda kompyuta mpya, tena ndogo, kwa sababu alifanyia kazi chumbani kwa bibi yake ili amhudumie, na mle ndani palikuwa na kitanda, kabati, na nafasi ya kupita mtu aliyejibana. Tena iwe tulivu, maana Bi Somoe alikuwa hapati usingizi feni ikipiga kelele. Akasoma, akauliza, akachukua rula. Akajua kasha gani la kompyuta linaingiza hewa, kadi ya picha, ile ya kuipikia filamu, ya urefu gani itaenea humo, feni ya kimo gani itakaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, bila kugusa ubavu wa kasha. Kosa lake lilikuwa moja: aliitaja kompyuta hiyo mbele ya jamaa zake.

Wa kwanza kuja alikuwa mjomba wake, Chilumba, mtoto mkubwa wa Bi Somoe, aliyekuwa ametoka safari ya Dubai na bado hajamaliza kuisimulia. Akaweka mezani kasha dogo kama la viatu, jeusi, vioo pande zote, linang'aa hata ungeweza kujitazamia ukifunga kilemba.

"Filamu ya mama yangu haipikwi kwenye bati," akasema. "Kasha hili, mpwa wangu, hata mawaziri hawana."

Tausi akapima. Akaona halina tundu la hewa la maana hata moja. Akasema, "Ahsante sana, Mjomba."

Wa pili alikuwa Binuru, mama yake mdogo, kitinda mimba wa Bi Somoe, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukubali kushindwa na kaka yake. Aliposikia habari ya kasha la Dubai, akaja na mtambo wa kupozea kwa maji: pampu, mipira miwili, na rejeta nene kama ya pikipiki.

"Kaka ameleta sanduku," akasema. "Mimi nimeleta maji. Mashine ya mama itakunywa maji kama watu. Kikundi chetu cha akina mama kizima nimeshakiambia."

Tausi akapima. Akaona rejeta ile ikiingia, kitu kingine itabidi kitoke. Akasema, "Ahsante sana, Mama Mdogo."

Wa tatu alikuwa Sefu, mchumba wake. Naye riziki yake aliipata kwa kompyuta, akihariri video za harusi. Akaja na kadi ya picha yenye feni tatu, ndefu kama mkono wa mtoto.

"Mke wangu mtarajiwa hachezi na kadi za kitoto," akasema. "Hii itaipika filamu yako kabla chai haijapoa."

Tausi akapima. Akaona kadi imezidi nafasi iliyomo ndani ya kasha kwa kidole kizima. Akamtazama Sefu, akaona anavyotabasamu. Akasema, "Ahsante sana."

Sasa ilikuwaje, binti aliyeshika rula akaona yote, halafu akanyamaza? Alijiambia ni adabu. Mjomba humrudishii zawadi. Mama mdogo humwambii rejeta yake ni nene. Na mchumba, je, utamwambia alichokileta ni kirefu mno? Alijiambia pia kwamba labda rula ina makosa, kwa kuwa binadamu akitaka amani nyumbani huanza kwa kuishuku rula.

Siku ya kuunda ikafika. Wote watatu wakaja, wamevaa vizuri. Kadi haikuingia. Wakaigeuza, haikuingia. Sefu akasema kasha ni dogo. Mjomba Chilumba akasema kasha si dogo, kadi ndiyo haina adabu. Mama Mdogo Binuru akasema wote wawili wasogee, rejeta ipite kwanza. Mwishowe wakakata ukuta wa ndani wa kasha kwa msumeno wa chuma, Mjomba amefumba macho, na kadi ikapenya. Rejeta wakaibana kati ya kadi na kioo, ikakaa kama abiria wa mwisho. Wakafunga. Wakawasha.

Ikawaka! Taa za bluu, taa za zambarau, maji yanapita kwenye mipira. Hata Bi Somoe akageuza shingo mpaka taa zikaingia kwenye lile bomba lake la kuonea, akasema, "Lo! Kama harusi."

"Ni kasha langu hilo, Mama," akasema Mjomba.

"Ni maji yangu, Mama," akasema Binuru.

"Ni kadi yangu, Bibi," akasema Sefu.

Tausi akaanza kuipika filamu. Chai haijapoa, mashine ikazima. Akagusa kioo, akautoa mkono haraka.

"Ni lile kasha lake," akasema Binuru.

"Ni maji ya huyu," akasema Mjomba.

"Kadi yangu haina neno," akasema Sefu.

Wakaanza kuitibu. Mjomba akaleta feni ya mezani, akaielekeza kwenye kioo, kioo kikapata upepo na vilivyomo ndani visiupate. Binuru akaleta beseni la barafu, akaliweka chini ya kasha, kasha likatoka jasho mpaka Tausi akalikausha kwa kanga, akiogopa maji yasiingie ndani. Sefu akasema punguza ubora wa picha. Tausi akapunguza mpaka kiboko akafanana na gunia, na mashine bado ikazima. Kila ilipozima, walinuniana. Kila waliponuniana, walikwenda kwao kupoa wao. Kila walipokwenda kwao, kazi ililala. Tausi akabaki katikati, akimpelekea huyu salamu za yule, akizitia sukari njiani.

Asubuhi moja Bi Somoe alikuwa anaoshwa uso. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatulia. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetoa habari za jirani, "Hili la kushoto limekwenda."

Tausi akadondosha kitambaa ndani ya beseni.

"Usilie," akasema Bi Somoe. "Limefanya kazi sana hili. Niambie. Hicho kidude chenu kina ugonjwa gani?"

"Hakipumui, Bibi."

"Nani kasema?"

"Rula."

"Ilisema lini?"

Tausi akakiokota kitambaa, akakikamua. Halafu akasema, "Tangu siku ya kwanza."

Bi Somoe akamtazama kwa jicho moja, muda mrefu. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Waite," akasema.

Wakaja. Tausi akasimama mbele yao na rula mkononi, akayasema yote aliyokuwa ameyameza. "Mjomba, kasha lako ni zuri, lakini vioo vinalinyima hewa. Mama Mdogo, mtambo wako una nguvu, lakini umeziba njia. Sefu, kadi yako ni kubwa kuliko nyumba yake. Kila kimoja ni bora, na vikiwa pamoja vinauana. Na mimi nilijua nikanyamaza. Na Bibi jicho limekwenda."

Mjomba Chilumba akataka kusema kitu kuhusu Dubai, kikamkwama. Akalichukua kasha, akatoka nalo uani. Wakasikia kioo kikivunjwa, kimoja, cha pili. Akarudi amevitoa vyote, na mahali pavyo amefunga wavu wa chuma, ule wa mabanda ya kuku, kaukata na kuunyoosha kwa mikono yake, vidole vinatoka damu. Kasha la Dubai sasa lilifanana na tundu la njiwa. Akaliweka mezani.

Mama Mdogo Binuru akang'oa mipira yake na pampu yake. Akarudi kwa muuzaji ambaye Binuru mwenyewe siku ya kununua alimwita mshamba asiyejua maji, akamwomba radhi mbele ya wateja, akabadilishiwa kwa feni moja pana, fupi, isiyo na mlio, isiyo na taa. Njiani akakutana na wenzake wa kikundi, wakamuuliza habari ya mashine inayokunywa maji. Akasema, "Imeacha."

Sefu akachomoa kadi yake ndefu, akabaki ameishika. Kisha akaenda kwake, akafungua kompyuta aliyokuwa akifanyia kazi, akatoa humo kadi yake fupi aliyokuwa ameizoea, akamletea Tausi. Ile ndefu haikuingia hata kwenye kompyuta yake mwenyewe. Wateja wake wa harusi wakampigia simu, wakampigia tena, wakaenda kwa mwingine.

Na Tausi? Tausi akaunda. Feni ikakaa juu ya prosesa bila kugusa kitu. Kadi ikaenea. Hewa ikaingia huku ikatokea kule. Akaipika filamu, mkono juu ya ule wavu, na joto likapanda kidogo, likatulia. Mashine haikuzima. Ilikuwa mbaya kuitazama, na kimya hata Bi Somoe akauliza kama imewashwa.

Alasiri wakamwinua Bi Somoe kwa mito, wakamwekea kioo cha kompyuta mbele kabisa, usawa wa jicho lake. Kiboko akapanda paa. Kiboko akakohoa kikohozi cha Bi Somoe. Kiboko akacheza, paa likabonyea, wakwe wakakimbia na vyungu vyao. Bi Somoe akacheka mpaka akashika mbavu, akafoka pia: "Kiboko wangu hakuwa mnene hivyo! Nani kakwambia alikuwa na kitambi?" Kisha akalia kidogo, akacheka tena. Aliiona yote, mwanzo mpaka mwisho.

Ilipokwisha, akapangusa lile jicho.

"Jicho hili likichoka hujifunga," akasema. "Na leo limechoka. Likijifunga, sijui kama kesho litafunguka. Nimemwona kiboko, sasa nataka kuona uso wa mtu, na bomba langu lina nafasi ya uso mmoja. Aliyenipa siku hii asogee mbele yangu nimtazame, nilale na sura yake."

Mjomba Chilumba akasogea. "Ni mimi, Mama. Mimi ni mtoto wako wa kwanza. Nililipasua kwa mikono yangu kasha nililolipenda, ndipo likapumua."

"Ndilo lililoinyima mashine pumzi mwanzo," akasema Bi Somoe.

Binuru akasogea. "Ni mimi, Mama. Kaka alivunja kioo, mimi nilivunja uso wangu mbele ya watu. Bila feni yangu hewa ingeingia ikakaa tu."

"Na bila maji yako tungeanza mapema," akasema Bi Somoe.

Sefu akasema akiwa nyuma, "Bibi, wao walitoa vitu vya kupendeza. Mimi nilitoa kitu cha kula."

"Mume wetu," akasema Bi Somoe, "na nani aliyeleta kitu kisichoenea mlangoni?"

Wakaanza tena. Mjomba akasema, Binuru akajibu, Sefu akadakia, kila mmoja akivuta kiti chake kuelekea mbele ya kitanda, mpaka viti vikagongana.

Tausi alikuwa amesimama ubavuni, pale ambapo kwa bibi yake hayupo. Alizichora picha zote. Alipima kila kitu, tena sawasawa. Kama angesema siku ya kwanza, mwanamke huyu angeitazama filamu akiwa na macho mawili, na nafasi ya nyuso zaidi ya mmoja. Alitamani uso huo uwe wake kuliko alivyowahi kutamani kitu. Ndiyo sababu aliona haya kuuomba, akanyamaza.

Bi Somoe akainua mkono, wote wakanyamaza. Kope lilikuwa linashuka.

"Tausi," akaita, akitazama mbele tupu. "Najua uko humu. Hawa watanichosha. Wewe unamjua kila mmoja alitoa nini na aliharibu nini, na wewe mwenyewe unajijua. Safari hii usinyamaze. Nichagulie mtu, umlete mbele yangu. Fanya haraka."

Tausi akawatazama wote watatu. Nao wakamtazama yeye. Akanyoosha mkono.

Mlionisikiliza, mkono huo ungekuwa mkono wenu, mngemshika nani? Aliyepasua kioo chake? Aliyemeza fahari yake hadharani? Aliyetoa riziki yake? Au aliyejua tangu mwanzo, akapima, akachora, akaunda, na ukimya wake ukala siku za lile jicho jingine? Semeni upesi, kope linashuka. Je, nani alistahili kuonwa?