Feni Tatu za Mafundi wa Bi Shariffa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni hii ya juzi juzi ambayo umeme ulishafika Korogwe na joto lilishautangulia, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Shariffa, mshonaji wa nguo za harusi. Alikuwa na chumba kimoja cha cherehani na mafundi watatu, wote wanawake: Mwantumu, aliyeanza naye tangu cherehani za kukanyaga kwa mguu, Sikujua, mtu wa maneno machache, na Hidaya, aliyekuja mwisho akapendwa upesi.

Mwantumu alikuwa fundi hasa, lakini alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukujificha, ulikaa usoni. Kiti cha Sikujua kilikuwa chini ya matundu ya hewa yaliyo juu ukutani, upepo ukimshukia kichwani kutwa. Mwantumu akauona upepo ule, roho ikamuuma. Asubuhi moja akawahi kazini, akapanda mezani, akayaziba matundu kwa vipande vya vitambaa, akavisukuma ndani visionekane. "Tuungue wote," akasema moyoni.

Wakaungua wote. Mwantumu akaleta feni ya mezani kutoka kwake, kuukuu, inatetemeka mpaka mkasi unatembea wenyewe. Sikujua akaleta ya kwake, kubwa zaidi. Hidaya akaleta ya kusimama, ndefu, inayogeuza shingo huku na huku. Mwantumu akaiona inavyoupeperusha mtandio wa Hidaya, roho ikamuuma. Feni tatu chumba kimoja, kila moja inamsukumia jirani joto lake, na luku, umeme wa kulipia kabla, inateketea. Alasiri haijafika, cherehani zimenyamaza, na bibi harusi yuko mlangoni anaulizia gauni.

Bi Shariffa akawaita. "Wanangu, mguu huu haunibebi tena, nakwenda kukaa kwa binti yangu. Feni moja inatosha hapa. Atakayekipoza chumba hiki bila kunimalizia umeme, nitamwachia ufunguo, na wenzake watashona chini yake."

Mwantumu alisikia "chini yake", akamtazama Hidaya. Tangu siku hiyo chakula hakikumpanda.

Hidaya alikuwa na kaka yake kwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Kule waling'oa feni za zamani, wakaweka za mota mpya, zinazotoa upepo ule ule kwa umeme nusu tu. Hidaya akauza feni yake, akauza na bangili aliyopewa na mama yake, akanunua feni ya darini, pangaboi la mota ya namna ile. Akalitundika. Ila ona alipolitundika: juu ya kiti chake mwenyewe.

Sikujua hakununua kitu. Aliirudisha feni yake nyumbani, akaiweka kando pasi ya umeme, akatoa ya mkaa. Nguo zote, zake na za wenzake, akawa anazipigia pasi barazani, juani, jasho linamtiririka.

Na Mwantumu? Alizima feni yake kwa sababu aliambiwa azime. Akakaa anaangalia.

Umeme sasa ukadumu. Joto nalo likadumu. Pangaboi lilizunguka vizuri, lakini lilikuwa linalikoroga joto lile lile. Bi Shariffa akaja kukagua, akaketi, akajifuta shingo.

"Umeme unatosha, lakini mimi natokota," akasema. "Hidaya mwanangu, lishushe tu. Ufunguo nitampa Mwantumu, ndiye mkubwa wenu."

Mwantumu alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Hidaya akaburuta ngazi, akapanda, akanyoosha mkono kuligusa pangaboi, na pale bangili ilipokuwa ikikaa palionekana alama nyeupe. Mwantumu akaiona alama ile, roho ikamuuma. Safari hii uchungu ulikuwa mwingine. Au tuseme kweli, wivu ulikuwamo hata humo: wenzake walikuwa wametoa kitu, yeye hana alichotoa.

"Shuka, mdogo wangu," akasema. Akapanda mezani, akachomoa vitambaa tundu kwa tundu. Upepo ukaingia, pangaboi likaupokea, likaugawa mpaka pembeni. Karatasi za vipimo zikainuka mezani. Bi Shariffa akaacha kujifuta shingo.

"Nani aliyaziba?" akauliza.

"Mimi, Bi."

"Nilijua," akasema Sikujua. "Nilimwona siku ile ile. Nilikuwa nangoja apewe ufunguo ndipo nimuumbue."

Hapo wakaanza.

"Bila pangaboi langu, luku ingekuwa imekwisha," akasema Hidaya. "Nimeuza kitu cha mama yangu."

"Ukalitundika juu ya kichwa chako," akasema Sikujua. "Mimi nimeungua barazani kwa nguo zenu nyote, na moto wa pasi nikautoa humu ndani."

"Na matundu ukayajua, ukatuacha tutokote," akasema Mwantumu. "Mimi ufunguo ulikuwa umeshafika mkononi, nikaurudisha kwa mikono hii hii. Nani kati yenu angefanya hivyo?"

"Nani kati yetu aliyetuunguza, dada?" akauliza Hidaya.

Bi Shariffa akauweka ufunguo juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa. Mwantumu naye aliutazama ufunguo, kisha macho yakamponyoka, yakaenda kwenye mkono wa Hidaya, kuona kama unasogea.

Mimi nimewafikisha hapo mezani, zaidi ya hapo siendi. Ninyi mlioketi semeni, na kila mtu aseme lake kabla hajamsikia jirani yake: aliyelileta pangaboi, aliyeungua barazani, au aliyefungua alichokiziba mwenyewe? Je, nani aliustahili ufunguo ule?