Sumu Aliyoitafuta Bi Mize

Ndugu zangu, sogeeni mbele mjaze nafasi. Na akina mama huko nyuma ya pazia, nipeni masikio, maana mfano wa leo una mama, una mkaza mwana, na una paka. Asicheke mtu. Shetani akitaka kuingia nyumbani kwako hachagui mlango.

Palikuwa na mjane mmoja katika mji wa huku kwetu pwani. Tumwite Bi Mize. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba yenye ua, mtoto mmoja wa kiume, na paka dume wa manjano aliyeitwa Liwali. Paka yule marehemu alimleta nyumbani akiwa mchanga, kamtia ndani ya mkono wa kanzu. Basi Bi Mize alimpenda Liwali mapenzi ya watu wawili, yake na ya mumewe.

Mwanawe alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, na kila akija nyumbani alileta mfuko wa chakula cha paka, vile vipunje vikavu vya madukani. Liwali alikula vipunje asubuhi na jioni, na katikati akapewa kipande cha papa mkavu wa chumvi, maana alikipenda. Nje hatoki. Alinenepa mpaka wageni wakawa wanauliza kama yule ni paka au ni mto wa kulalia, na Bi Mize akisikia hivyo hufurahi.

Kijana akaoa. Mkewe, Salha, kwao ni milimani, mbali, na Bi Mize hakuwajua watu wake. Akaletwa akae na mama mpaka mume apate nyumba ya kupanga. Alikuwa binti mwenye heshima, kazi mbele, maneno machache. Na hapo ndipo palipokuwa na hatari, ndugu zangu. Mtu wa maneno machache, mwenye dhana humjazia yale yaliyobaki.

Haukupita muda, Liwali akaanza vituko. Anachuchumaa pembeni mwa ukuta, anajikamua, halitoki ila tone. Anajilamba, anahama, anachuchumaa tena. Siku moja Bi Mize akatandaza mswala wake asali adhuhuri, akakuta umelowa mahali padogo, na pale palipolowa pana wekundu. Damu. Akakaa kitako. Paka huyu kaishi nyumba hii miaka yote kwa adabu, leo ananajisi mswala? Tangu lini? Akajijibu mwenyewe: tangu aje huyu.

Akamweleza shoga yake aliyekuja kumtembelea. Yule shoga alisikiliza, akatupa jicho jikoni alikokuwa Salha, akasema kwa sauti ya chini, "Huanzia kwa mnyama, Mize. Wakiona dawa imefanya kazi, ndipo waje kwa mtu." Akamaliza kahawa yake, akaaga, akaenda zake. Neno likabaki nyumbani.

Tangu hapo Bi Mize hakuwa na raha. Salha akifungua kabati, anasikiliza. Salha akicheka kwenye simu, anajiuliza anachekwa nani. Akaacha kula chakula cha mkaza mwana wake, akisingizia tumbo. Na asubuhi moja alisimama nyuma ya pazia la jikoni, akamwona Salha ameinama juu ya sahani ya Liwali, anamimina kitu kutoka kwenye kikombe, anakoroga kwa kidole.

Akatoka. "Unamtia nini paka wangu?"

Salha alishtuka. Ninyi mkishtuliwa, hamshtuki? Akasema, "Supu ya samaki, Mama, haina chumvi. Naona anakula vikavu mno na maji hanywi, na mkojo unamsumbua. Nyumbani tulikuwa na paka, alikufa hivi hivi."

Nawaulizeni, jibu hilo lina kasoro gani? Binti kaeleza anachofanya, kaeleza na sababu. Lakini Bi Mize, katika maneno yote yale, alisikia neno moja tu: alikufa.

Akaitwaa ile sahani akaimwaga. Akazunguka nyumba, akakuta bakuli la maji uani, jingine ukumbini, jingine chini ya kitanda, yote kayaweka Salha. Akajiambia, kumbe kaitega nyumba nzima. Akayamwaga yote, akayafungia kabatini. Akamchukua Liwali akamweka chumbani kwake, akageuza ufunguo. Kuanzia siku ile paka hakula ila vipunje vya kwenye mfuko, kwa kuwa vililetwa na mwanawe mwenyewe, na papa aliyemkata kwa mkono wake. Maji alimwekea kidogo kwenye kisosi, alipokumbuka.

Sasa tazameni dhana inavyofanya kazi. Salha hamgusi tena paka, wala hauoni hata mkia wake. Na paka anazidi. Halali, halii tena ila kwa sauti nzito ya kutoka tumboni, chakula anakigeuzia kichwa. Mtu mwenye moyo mtulivu angesema, basi si yule binti. Bi Mize alisema, sumu imekwisha kumwingia.

Akampigia simu mwanawe. Alilia, akamwambia nyumba ile haiwezi kuwa na wanawake wawili, achague. Kijana akababaika, akajaribu kumtetea mkewe, mama akazidi kulia. Mwisho akamwomba Salha aende kwao kwa muda, mpaka mama atulie. Salha hakubisha. Alifunga nguo zake, akaja kuaga, akauinamia mkono wa mavyaa wake kuubusu. Bi Mize akauvuta mkono wake, akaufuta kwenye kanga.

Binti akasimama pale mlangoni. "Mama, mpeleke Liwali kwa daktari leo hii. Yangu mimi yatangoja."

Kweli Bi Mize alimpeleka, lakini si kwa kutii. Alitaka ushahidi. Alitaka mtu aliyesoma atamke kwamba paka kalishwa sumu, ili mwanawe asiwe na pa kusimama. Akamtia Liwali kwenye kikapu, akaenda kwa daktari wa mifugo, na hata kabla ya kuketi akamwambia, "Mwanangu, nataka kujua kapewa sumu gani."

Daktari alimpapasa paka tumboni, uso wake ukabadilika. Akasema kibofu kimejaa, kigumu kama ndimu, mkojo umezibwa, na angecheleweshwa kidogo paka asingepona. Akamchoma sindano ya usingizi, akachukua mrija mwembamba akauingiza kwenye njia ya mkojo, taratibu. Kwanza halikutoka kitu. Kisha ukatoka mkojo mwekundu, na pamoja nao chengachenga, kama mchanga wa pwani.

Bi Mize akasogea. "Ndiyo sumu yenyewe hiyo?"

"Si sumu, mama. Ni chumvichumvi za mkojo wake mwenyewe, zimegandamana. Paka dume njia yake ni nyembamba, huziba upesi. Anakula nini?"

Bi Mize akataja, na mwanzoni alitaja kwa fahari: vipunje kutoka Dar es Salaam, papa mkavu kila siku. Daktari akauliza kuhusu maji. Bi Mize akataja kile kisosi, na fahari ikamwisha. Daktari akamweleza kwa upole kwamba si kila paka anayekula vikavu huugua, lakini huyu ni mnene, hatoki, anakula vikavu vya chumvi bila maji, na mkojo mzito ndio unaoganda. Papa aachwe kabisa. Chakula kilowekwe, kwa supu ya samaki isiyo na chumvi ikiwezekana, na mabakuli ya maji yawekwe sehemu nyingi za nyumba, maana paka ni mvivu wa kwenda kunywa.

Bi Mize akasema, polepole, "Kuna mtu alikuwa akimfanyia hivyo."

"Basi mshukuru," daktari akasema, akaendelea na kazi yake.

Ndugu zangu, paka alipona. Alilala pale kwa daktari, akarudi nyumbani kakonda, na mpaka leo anakojoa kama paka wengine. Lakini mfano wangu si wa paka.

Bi Mize alipanda basi akaenda milimani. Alipokewa na mama yake Salha, akakaribishwa vizuri kuliko alivyostahili. Salha akaja, akamwamkia, akampikia, akamtandikia kitanda. Asubuhi Bi Mize alimwomba msamaha mbele ya wazazi wake, hakuficha kitu, hata lile la kuufuta mkono. Salha alilia. Akasema, "Nimekusamehe, Mama. Lakini nyumba ile siwezi kurudi."

Na hakurudi. Mumewe alipata vyumba viwili Dar es Salaam, wakahamia huko. Sikukuu wanakuja, wanakaa sebuleni, wanaaga kabla jua halijazama. Mjukuu amezaliwa, na Bi Mize humwona kama mgeni anavyomwona mtoto wa watu.

Sasa sisi. Tusiseme Bi Mize alikuwa mbaya. Alikuwa na mapenzi, na kwa mapenzi yale yale alikuwa akimkausha paka wake kwa mkono wake mwenyewe, huku akimfukuza aliyemletea maji. Sisi je? Ni nani tuliyemfungia mlango kwa sababu ya neno la mtu aliyemaliza kahawa akaenda zake? Ni ndugu gani tuliyemuuliza swali, akatujibu kweli, nasi tukachukua neno moja tulilolitaka? Mkojo ukiziba, daktari ana mrija. Moyo wa mtu uliyemdhania, ukishafunga, nani ana mrija wa kuufungua?

Mola atusafishie vifua vyetu kabla havijaganda. Na wewe unayenisikiliza, ambaye tangu nimeanza kusema kuna sura moja imekujia machoni, ukitoka hapa nenda kwake. Muulize. Na akianza kukujibu, nyamaza mpaka amalize.