Miimo Miwili, Dawa Moja

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana jokofu lilikuwa limeshafika Upareni, alikuwako daktari mmoja akiitwa Nakiete. Kazi yake ilikuwa kuchunguza watoto wasiorefuka. Alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo, saizi ya punje ya kunde, na hiyo ndiyo inayotoa kichocheo cha kukua. Ikigoma, mtoto anabaki pale pale.

Basi kijijini akawakuta wasichana wawili, Namkunda na Mbonea, marafiki wa dawati moja, tezi zao zote mbili zimelala. Na dawa aliyokuwa nayo? Ya mtoto mmoja tu. Ukiigawanya, hakuna atakayefikia kimo cha kawaida. Ukichelewa, mifupa inafunga, hairefuki, basi tena.

Akasema atampa yule aliyesimama kabisa kukua. Kadi za kliniki hazikuwapo, lakini huko kila mwaka baada ya mavuno mtoto husimamishwa mlangoni, mama akachora mkaa kwenye mwimo wa mlango, usawa wa utosi. Kwa kina Mbonea alama zilikuwa zimebanana. Kwa kina Namkunda zilipanda. Kidogo kidogo, lakini zilipanda. Dawa ikaenda kwa Mbonea.

Kila jioni sindano, na Mbonea hakulia. Gauni lililomfika vifundoni likapanda mpaka magotini, akawa anafuta ubao bila kupanda kiti. Mama yake alifurahi mpaka akawa anamtuma dukani bila sababu, watu wamwone.

Siku moja daktari akapita kumsabahi mama yake Namkunda. Akamkuta amepiga magoti, anakandika sakafu kwa udongo na samadi, kama alivyofanya kila wiki tangu aolewe. Msafi yule mama, usiseme! Sasa panya walikuwa wamechimba pale mlangoni, na daktari akaona ndani ya shimo tabaka juu ya tabaka. Akakaa kitako papo hapo. Kumbe iliyokuwa ikipanda ni sakafu. Mtoto hakuwa amepanda hata chembe. Na kwa kina Mbonea sakafu ni ya saruji.

Hakuficha. Aliwaita wote zahanati, akawaeleza kwamba kosa ni lake, alisoma miimo asiangalie chini. Dawa imebaki nusu, nyingine haiji, na bado inaweza kumfaa mmoja.

Mama yake Namkunda akasema polepole, "Daktari, mwanangu amekosa dawa kwa sababu mama yake anapenda usafi. Hilo nitamwambiaje?"

Mama yake Mbonea akajibu kwamba wa kwake hakuiba, alichaguliwa, na sindano zile alizivumilia yeye. Mbonea mwenyewe akasema, "Mimi ndio kwanza nimeanza. Mkinikatisha sasa, nabaki hivi maisha."

Wakamgeukia Namkunda.

"Sitaki Mbonea akatishwe," akasema. "Lakini na mimi naitaka."

Daktari akainuka. Akafungua jokofu, akatoa boksi la dawa, akalishika kwa mikono miwili, na watoto wote wawili wakamtazama.

Haya, nyinyi mnaotafuna mahindi hapo, msinitazame mimi. Mngekuwa nyinyi ndio Nakiete, boksi lile mngemkabidhi nani?